Sekunde Tatu za Munich: Kosa Lilikuwepo, Aliyelirekebisha Hakustahili

Ukikaa na wapenzi wa mpira wa kikapu na kuitaja fainali ya Olimpiki ya 1972 mjini Munich, Ujerumani, kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, utaambiwa haraka kwamba Wamarekani waliibiwa. Mimi nakubali nusu. Naamini meza, yaani watunza muda na waandishi wa matokeo, ilikosea usiku ule, na kosa lile lilistahili kurekebishwa. Nisichokubali mpaka leo ni aliyelirekebisha na namna alivyolirekebisha. Ningependa waamuzi na makocha wetu waitazame fainali ile kwa jicho hilo, kuliko kubishana tu kuhusu nani alistahili dhahabu.

Turudi hatua kwa hatua, kwa sababu ugomvi wote umo kwenye mfuatano wa matukio. Mchezo ulianza saa 5:45 usiku kwa saa za Munich ili Wamarekani waliokuwa nyumbani wautazame kwenye televisheni, na ukamalizika Septemba 10 imeshaingia. Sekunde 3 zimebaki, Wasovieti wanaongoza 49-48, Mmarekani Doug Collins anachezewa faulo mbaya na kupata mitupo huru miwili. Wa kwanza unaingia. Akiwa anarusha wa pili, honi ya mezani inalia. Collins hababaiki, anaingiza, 50-49. Wasovieti wanauingiza mpira uwanjani, saa inatembea, mara watu wa benchi lao wanaivamia meza: tuliomba taimauti (mapumziko mafupi ya timu), mbona hatukupewa? Mwamuzi Renato Righetto wa Brazil anasimamisha mchezo. Saa inaonyesha sekunde 1.

Honi kulia wakati mpira uko mikononi mwa mrushaji ni dalili tosha kwamba meza ilichanganyikiwa. Kocha wa Wasovieti, Vladimir Kondrashin, alishikilia kwamba aliomba kwa wakati. Kama ni hivyo, kumrudishia muda wake si zawadi, ni haki yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Righetto na mwenzake, Artenik Arabadjian wa Bulgaria: waiulize meza, wamsikilize mtunza muda, waamue ni sekunde ngapi zirudishwe, kisha waubebe uamuzi huo kwa majina yao.

Badala yake R. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, akashuka kutoka jukwaani na kuamuru zirudishwe sekunde tatu. Hakuna kanuni iliyompa mamlaka ya kuamua jambo lolote mchezo ukiwa unaendelea. Alikuwa mkubwa tu, na wakubwa wakizungumza watu hutii. Kwangu mimi doa la fainali ile liko hapo. Sekunde tatu huenda zilikuwa hesabu sahihi kabisa, lakini zilipotoka kwa mtu asiyehusika ziligeuka kuwa upendeleo machoni mwa dunia nzima, na hakuna ushahidi wowote wa baadaye ulioweza kulifuta doa hilo.

Kilichofuata kilikuwa kosa la muda la wazi kabisa, na watu hulitaja kwa kupita tu. Mpira ulianzishwa kabla saa haijarekebishwa. Ubao wa matokeo ulikuwa ukionyesha sekunde 50. Pasi ikaenda bure, honi ikalia, Wamarekani wakarukaruka na kukumbatiana. Kisha wakaambiwa warudi uwanjani. Naelewa uchungu wao, na bado nasema kulirudia tukio lile ilikuwa sawa. Mchezo ulioanzishwa saa ikiwa haijawekwa haujaanza. Wa kulaumiwa ni mwamuzi aliyeutoa mpira bila kuitazama saa, jambo ambalo lingemchukua muda wa kugeuza shingo tu.

Mara ya tatu Msovieti Ivan Edeshko alirusha pasi ndefu kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho mwingine, mwenzake Alexander Belov akaidaka katikati ya walinzi wawili, akafunga. 51-50. Righetto alikataa kutia saini karatasi ya mchezo. Rufaa ya Marekani ilikwenda mbele ya jopo la watu watano na kushindwa kwa kura 3 dhidi ya 2. Hungary, Poland na Cuba, washirika wa Wasovieti, upande mmoja, Italia na Puerto Rico upande wa pili. Kwa ramani ya siasa ya miaka ile, nani angeamini kwamba kura zile zilihesabu sekunde? Wachezaji wa Marekani walizikataa medali za fedha, na Kenny Davis aliandika hata kwenye wosia wake kwamba familia yake isije ikaipokea ya kwake.

Sasa linganisha na jinsi tatizo la aina hiyo lilivyoshughulikiwa New York tarehe 15 Januari 1990. Katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, timu za Knicks na Bulls ziko sare, sehemu moja ya kumi ya sekunde imebaki. Trent Tucker wa Knicks anapokea pasi, anageuka, anarusha pointi tatu, na inahesabiwa. Hakuna binadamu awezaye kudaka, kugeuka na kurusha ndani ya muda huo; ni wazi saa ilichelewa kuanza. Bulls walipinga, wakakataliwa, matokeo yakabaki 109-106. Kwa Bulls haikuwa haki. Lakini NBA haikuishia kwenye kukataa rufaa. Iliandika kanuni: ili mchezaji adake na kurusha, lazima iwe imebaki angalau 0.3 ya sekunde. Chini ya hapo anaruhusiwa kuugusa mpira tu uingie, au kuusindilia moja kwa moja ukiwa hewani. FIBA nayo ina kanuni hiyo.

Naipenda kanuni hii kwa sababu inakubali ukweli ambao mashabiki hatupendi kuukubali: kidole cha mtunza muda ni cha binadamu. Jicho linaona mpira umeguswa, ubongo unaamuru, kidole kinabonyeza. Katikati ya hayo karibu sehemu mbili za kumi za sekunde zimeshakwenda, bila hongo na bila uzembe. Derek Fisher wa Lakers alipowafunga Spurs mwaka 2004 kukiwa kumebaki 0.4, Spurs nao walilalamika kwamba saa ilichelewa, na hawakufika mbali. Mstari ulikuwa umeshachorwa, na kila aliyekuwa uwanjani aliujua kabla mpira haujarushwa.

Mitambo imesaidia pia. Waamuzi wa NBA huvaa kifaa kiunoni ambacho husimamisha saa filimbi inapolia, taa nyekundu huwaka kwenye ubao wa goli muda unapokwisha, marudio ya video yalianza kutumika msimu wa 2002-03, na tangu 2014 kuna kituo maalumu Secaucus, New Jersey, cha kuyapitia. Karibu na kwetu, ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, BAL, iliyoanzia Kigali mwaka 2021 ina marudio hayo.

Viwanja vyetu vingi havina. Tuna meza, saa, mtunza muda ambaye mara nyingi anajitolea, na kelele za benchi zote mbili masikioni mwake. Ndiyo maana nasisitiza mambo yasiyohitaji fedha. Dakika ya mwisho, mwamuzi asitoe mpira kabla hajaitazama saa na kupata ishara kutoka mezani. Mtunza muda akumbushwe kwamba saa huanza mpira unapoguswa na mchezaji aliye ndani ya uwanja, si unapotoka mkononi mwa mrushaji. Ukizuka ubishi, mwamuzi mkuu awaite wenzake na waamuzi wa meza, awasikilize, aamue. Na kiongozi wa chama, mfadhili au rais wa klabu, hata awe na nia njema namna gani, abaki kwenye kiti chake. Nimewaona wakiisogelea meza zikiwa zimebaki sekunde chache, na naona waamuzi wakinywea. Mwamuzi mkuu ana haki ya kuwarudisha, na chama kinapaswa kumlinda anapofanya hivyo.

Kuna na hili ambalo manahodha wetu wengi hawafundishwi. Kanuni za FIBA zinataja wazi kosa la kutunza muda ambalo waamuzi hawakulirekebisha kuwa sababu halali ya kupinga matokeo. Nahodha anatakiwa kumjulisha mwamuzi mkuu na kutia saini kwenye nafasi yake katika karatasi ya mchezo, ndani ya dakika 15 tangu mchezo umalizike. Timu nyingi dakika hizo zinaishia kwenye kurushiana maneno na waamuzi, halafu kesho yake linaandikwa tamko refu ambalo kikanuni halina pa kwenda. Kocha anayetumia masaa kufundisha mchezo wa sekunde ya mwisho atenge pia muda wa kumwonyesha nahodha wake ile nafasi ya saini iko wapi.