Kidole Gumba cha Muuzaji

Ukienda mnadani kununua ng'ombe, unamtazama meno. Ukienda kununua bunduki Texas, mtazame muuzaji kidole gumba. Mimi nilitazama mbao.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye maonyesho ya bunduki nje kidogo ya Houston. Ukumbi mkubwa kama Kariakoo iliyotiwa kiyoyozi, ila badala ya mitumba ni mitutu. Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Tabora, grinikadi ninayo, kwa hiyo sheria ya Marekani hainizuii kununua. Babu yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori, na tangu utoto nilijiapiza kwamba siku nikipata hela nitamiliki bunduki isiyopakiwa baruti mdomoni.

Nikawa nazunguka meza kwa meza nauliza swali moja tu: "Mbona unauza?" Majibu yalikuwa raha tupu. Jamaa mmoja alikuwa na AR-15 nne. Alizinunua msimu wa uchaguzi, kila mtu akisema serikali itapiga marufuku kama ilivyofanya mwaka 1994. Marufuku ile iliisha 2004, lakini hofu yake hurudi kila uchaguzi, na ikirudi bei inapanda. Safari hii hakuna aliyekataza chochote, bei ikashuka, jamaa akabaki na bunduki nne zinazofanana kama mapacha na mke anayeuliza maswali. (Halafu akanisomesha kwamba hiyo AR si "silaha ya mashambulizi" kama wengi tunavyodhani, ni kifupi cha ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Nikamshukuru, sikununua.) Mwingine alikuwa na bunduki ya SKS ya Kichina. Huyo alisema neno moja: talaka.

Mwisho nikafika kwa mzee mmoja mpole, kofia ya majani, mkono wa kulia mfukoni. Mbele yake imelala bunduki ya kijeshi ya zamani, M1 Garand.

Jamani, ile mbao! Kitako cha mti wa jozi, kimesuguliwa na mikono ya watu mpaka kinang'aa kama kiti cha mzee wa ukoo. Jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1936, likaenda nayo Vita vya Pili, na Jenerali Patton akaisifu kuwa chombo bora kabisa cha vita kilichowahi kubuniwa. Unavuta kifyatulio, yenyewe inatoa ganda na kuingiza risasi nyingine, mara nane. Ya nane ikitoka, klipu, yaani kile kibanio cha chuma kinachoshika risasi zote nane, inaruka juu na kulia *pinng!*

"Mzee, mbona unauza?"

"Mke wangu anataka nafasi kabatini."

Mzee wa watu. Nikamwonea huruma. Kwa kuwa sote ni wakazi wa Texas na yeye si mfanyabiashara wa silaha, akatazama leseni yangu ya udereva, akaandika jina langu kwenye karatasi, nikahesabu dola 1,100, basi. Kusajili laini ya simu Tanzania kulinisumbua kuliko hivyo. Kule walitaka namba ya NIDA na alama za vidole. Mzee akanipa mkono wa kwaheri. Wa kushoto. Nikadhani ndiyo adabu ya Texas.

Wiki ya kwanza niligundua sababu ya kwanza ya kuuza. Risasi zake, .30-06, dukani kwetu zilikaribia dola moja na nusu kila moja. Kwa hiyo ile *pinng* iliyonipendeza ilikuwa mlio wa dola kumi na mbili zikienda zake. Ya pili ni uzito: kilo nne na ushei kabla hujaipakia, na inapiga bega kama mtu anayekudai. Lakini hayo mtu anavumilia.

Sababu ya tatu ilinikuta jikoni.

Jumapili jioni, risasi zote zimefungiwa chumba kingine (katika hili mimi si mjinga), nimetandika taulo mezani naisafisha bunduki. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, shemeji yangu wa Mwanza yuko kwenye video anashangaa. Mama watoto yuko nyuma yangu anasonga ugali.

"Sasa hizo risasi zinaingilia wapi, shemeji?"

"Juu hapa," nikasema kwa sauti ya mkufunzi. "Unavuta mkono huu nyuma, bolti, hiki chuma kinachofunga chumba cha risasi, inabaki wazi. Halafu unashindilia klipu kwa dole gumba, hivi."

Klipu sikuwa nayo. Nikashindilia kidole kitupu.

Naomba nieleze kidogo, maana maumivu yale yanastahili maelezo. Ndani ya Garand kuna kibao kinachosukuma risasi juu. Ukikibonyeza mpaka chini, bunduki inaamini umeshaipakia, nayo kwa utiifu wa kijeshi inaiachia bolti irudi mbele. Wanaojua huzuia ule mkono wa bolti kwa ubavu wa kiganja chao. Asiyejua anakuwa yeye ndiye risasi ya kwanza. Askari wa Marekani walipata ajali hii mara nyingi hadi ikapewa jina, "dole la Garand". Jina hilo linajulikana na wote, ila hakuna muuzaji anayelitaja.

*Kacha!*

Sikupiga kelele. Nilitoa sauti ambayo shemeji baadaye aliieleza ukoo mzima kuwa ni ya fisi aliyekanyaga moto. Kidole kiko ndani, bolti iko juu yake, springi inasukuma. Ule mkono wa bolti uko upande wa kulia, na mkono wangu wa kulia ndio uliokamatwa. Nikajaribu kuuzungushia wa kushoto, bunduki ikazunguka nami, tukaangusha kopo la sukari, na simu.

"Shemeji? Shemeji! Naona dari tu!"

Mama watoto akaacha sufuria. Hakuuliza kitu. Akashika ule mkono wa bolti kwa mkono mmoja, mwiko bado uko kwenye ule mwingine, akavuta. Kidole kikatoka bapa kama chapati ya kwanza.

"Na hii," akasema, "umenunua kwa shilingi ngapi?"

Nikatumbukiza kidole kwenye mfuko wa njegere za friji, nikachukua simu nitafute la kufanya. Simu ikakataa. Inafunguliwa kwa dole gumba la kulia, na la kulia lilikuwa limeshageuka kuwa la mtu mwingine. Namba ya siri nimeisahau kwa kutoitumia. Mama watoto akaichukua, akabonyeza tarakimu sita bila kutazama, ikafunguka. Alizijuaje, hicho ni kisa kingine, na siku ile sikuwa na kidole cha kufungulia kesi.

Baada ya wiki tatu nikaitangaza. Mnunuzi simfahamu, kwa hiyo tukakutana kwa muuza silaha mwenye leseni. Mnunuzi akajaza Fomu 4473: uraia wako, umewahi kuhukumiwa, unatumia dawa za kulevya. Fomu inauliza mengi. Haimuulizi muuzaji kwa nini anauza. Dukani wakatuma taarifa zake kwenye mfumo wa FBI, tukakaa kusubiri.

"Mbona unaiuza?" akauliza.

"Mke wangu anataka nafasi kabatini."

Akanitazama, akatazama mfuko wa suruali yangu. "Toa huo mkono, ndugu yangu."

Nikautoa. Ukucha mweusi kama tui lililoungua. Akacheka mpaka muuza duka akachungulia, halafu akanyoosha gumba lake kando ya langu. Ukucha wake umeota upya, umepinda. "Nilikuwa nayo kama hii miaka minne iliyopita. Nikaiuza kwa hasira. Nimejuta mpaka leo." Kisha, bila aibu, akakatia bei yangu dola mia moja kwa sababu ya kidole changu.

Kabati sasa lina nafasi. Mama watoto ameweka masanduku ya vitenge.

Shida ni kwamba ukucha umeanza kuota, na jana usiku nilijikuta nakumbuka ile mbao. Nikamwandikia yule jamaa, kwa utani tu, kama amekwisha kuichoka. Hajajibu. Labda naye simu imemkataa kidole.