Greini 115 au 147: Risasi Moja ya Miami na Ubishi Uliobaki

Tarehe 11 Aprili 1986, kusini mwa jiji la Miami, makachero wa FBI walilizuia gari la wanaume wawili waliokuwa wakisakwa kwa ujambazi wa benki, William Matix na Michael Platt. Mapema katika mapambano hayo, risasi ya bastola ya milimita 9, yaani upana wa risasi yenyewe, ilimpata Platt kwenye mkono wa kulia, ikatokea upande wa pili, ikaingia kifuani na kukwama kama sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo. Lilikuwa jeraha la kuua, lakini halikumwangusha. Aliendelea kufyatua bunduki yake, na hadi majambazi wote wawili wanakufa, makachero Jerry Dove na Ben Grogan walikuwa wameshauawa na wenzao watano kujeruhiwa.

Kichwa cha risasi ile kilikuwa na uzito wa greini 115. Greini moja ni kama gramu 0.065, kwa hiyo tunazungumzia gramu saba na nusu hivi. Risasi nzito iliyozoeleka ya milimita 9, ile ya greini 147, ina gramu tisa na nusu. Juu ya tofauti hiyo ya gramu mbili, Wamarekani wanaomiliki bastola kwa kujilinda wamebishana mpaka leo ipi ni bora, nyepesi au nzito.

Upande wa risasi nyepesi una hoja ya kweli. Greini 115 hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, wakati ya greini 147 hutembea karibu na mita 300, chini ya kasi ya sauti. Risasi za kujilinda huwa na tundu kwenye ncha ili zichanue zikigonga mwili, na kasi ndiyo inayozichanua. Askari wa jimbo la Illinois walitumia kwa miaka mingi greini 115 zilizoshindiliwa baruti kupita kiwango cha kawaida, na walizisifu. Isitoshe, risasi za kwanza za greini 147 zilikuwa na kasoro. Zilibuniwa kwa silaha zenye kizuia sauti, si kwa raia aliyeamshwa usiku. FBI ilipozikimbilia baada ya Miami, nyingine zilipita mwilini bila kuchanuka, hasa tundu likizibwa na kitambaa cha nguo.

Upande wa pili aliusimamia daktari mpasuaji wa jeshi, Martin Fackler. Alisema risasi ya bastola haimwangushi mtu kwa kishindo wala kwa hesabu ya nishati. Inamsimamisha kwa hakika pale tu inapofika kwenye ubongo, uti wa mgongo, moyo au mishipa mikubwa ya damu. Kifua cha adui hakikai mbele yako wazi kama ubao wa shabaha. Mara nyingi mkono umetangulia mbele, kama ilivyokuwa kwa Platt, au mtu amesimama ubavu. Hapo kina ndicho kila kitu, na risasi nzito hutunza mwendo wake vizuri zaidi inapopita kwenye nyama na mifupa.

Mimi nasimama na Fackler, ila nakataa hitimisho ambalo wengi wamelitoa kwake, kwamba uzito mkubwa ndio jibu. FBI yenyewe baadaye iliweka kipimo kisichotaja uzito kabisa: risasi ipenye sentimita 30 hadi 45 kwenye jelatini maalumu inayoiga nyama ya mwili, ikipigwa wazi, kisha kupitia nguo nzito, bati, ukuta wa jasi, mbao na kioo cha gari. Kipimo hicho kiliwalazimisha watengenezaji kubuni upya tundu na ganda la shaba linaloshika kichwa cha risasi. Leo zipo za greini 124, hata 115, zinazofika kina hicho, na zipo za 147 zinazochanuka bila shida. Risasi iliyokwama ndani ya Platt ilishindwa kwa namna ilivyoundwa kuliko kwa wepesi wake.

Hoja moja naiona ya hatari, nayo husemwa kwa nia njema: kwamba nyumbani utumie risasi nyepesi ili isivuke ukuta ikamkuta mtoto chumba cha pili. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao mbili za jasi zenye uwazi katikati. Risasi yoyote yenye uwezo wa kufika moyoni itazitoboa, iwe nyepesi au nzito. Anayetegemea greini 115 zimlindie mwanawe anategemea kitu kisichokuwapo. La kufanya ni kujua mapema kila mmoja analala upande gani, na kutofyatua kuelekea huko.

Baada ya hapo, bastola yenyewe ndiyo inayoamua. Bastola ndogo ya kubeba kiunoni, yenye mtutu wa milimita 80 na ushei, hupunguza kasi ya kila risasi. Iliyotegemea kasi ili ichanuke ndiyo inayoumia zaidi, kwa hiyo huko ningeanzia greini 124 au 147 zilizoundwa kwa mitutu mifupi. Nzito pia huelekea kugonga juu kidogo ya pale nyepesi inapogonga, na teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, wapigaji wengi huliona la taratibu, ingawa zipo bastola zinazokwama zikilishwa uzito zisioupenda. Hilo halijulikani kwa kusoma maandishi kwenye boksi. Risasi za bei nafuu za mazoezi nyingi ni greini 115. Anayejifunzia hizo mwaka mzima, kisha akajaza 147 ambazo hajawahi kuzipiga na kuiweka bastola kando ya kitanda, hana hakika kama itamaliza magazini bila kukwama. Anunue maboksi kadhaa ya zile anazokusudia kuzitegemea, azipige kwa bastola ileile. Zikikwama hata mara moja bila sababu anayoielewa, ajaribu uzito mwingine.