Shule za ubia Liberia zihukumiwe kwa mikataba yake

Kila ukitajwa ubia wa serikali na sekta binafsi katika kuendesha shule, Liberia haikosi kutolewa mfano, na hukumu huwa moja: serikali iliuza shule zake. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu, George Werner, alitaka kuikabidhi shule za msingi kampuni ya Bridge, mwendeshaji wa shule binafsi za ada nafuu iliyoanzia Nairobi. Kishore Singh, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya elimu, alipinga vikali. Mwishowe shule 93 zikagawiwa waendeshaji wanane, wakiwemo Bridge yenyewe, shirika la BRAC la Bangladesh na mtandao wa shule wa Rising Academies. Zilibaki mali ya umma, hazikutoza karo, na mishahara ya walimu ilitoka serikalini.

Mahudhurio ya hao walimu ndiyo yanayonifanya nisikubali hukumu ile. Watafiti walipoingia shuleni bila taarifa, katika shule za kawaida waliwakuta walimu wanne kati ya kumi. Katika shule za ubia, sita. Ni kweli kwamba shule za ubia zilipewa nafasi ya kwanza kuchukua wahitimu wapya wa vyuo vya ualimu, na waendeshaji walitumia fedha za ziada. Lakini mtoto anayetembea kutoka kijijini kwenda darasani hujifunza tu akimkuta mwalimu. Sita bado hawatoshi, ila kutoka wanne hadi sita ni maelfu ya vipindi vilivyofundishwa ambavyo vingepotea. Kwa kuwa shule za kuingia kwenye ubia zilichaguliwa kwa bahati nasibu, ulinganisho huu hauwezi kusingiziwa kwamba zilichaguliwa shule bora. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa shule za ubia walikuwa mbele katika Kiingereza na hisabati.

Wapingaji wana hoja nzito pia. Bridge iliwaondoa asilimia 74 ya walimu iliowakuta, na pale madarasa yalipofurika, wanafunzi waliozidi walitolewa. Mwalimu dhaifu aliyeondolewa hapa alibaki mtumishi wa serikali, akaangukia shule nyingine ya umma, kwa watoto wengine. Baada ya miaka mitatu mafanikio ya masomo hayakuwa yamekua zaidi ya yale ya mwaka wa kwanza, na walioacha shule waliongezeka.

Hata hivyo, madhara ya kuondoa walimu na wanafunzi hayakusambaa sawa kwa waendeshaji wote wanane. Waendeshaji wale wengine walipatikana kwa ushindani. Bridge iliingia kwa makubaliano ya pembeni, yaliyoiruhusu kupunguza idadi ya wanafunzi darasani. Ilitenda yale iliyoruhusiwa kutenda, na aliyeruhusu ni serikali. Kwa hiyo wizara yoyote ya Afrika Mashariki inayofikiria njia hii ianze na zabuni ya wazi, iandike kwamba hakuna mtoto wa eneo hilo atakayekataliwa, na iamue mapema mwalimu aliyeondolewa ataelekezwa wapi na atafunzwa upya na nani. Mwendeshaji asiyeyakubali hayo asipewe shule.