Kabla hujamkabidhi wa dini nyingine Maandiko yako

Anayeyapenda Maandiko yake hutamani na wenzake wayasikie. Hamu hiyo ni ya kweli na haina cha kuionea aibu. Ugumu unaanza pale mwenzako anapokuwa na kitabu chake na ibada yake: umpe kitabu chako, umsomee aya moja, au unyamaze mpaka akuulize?

Vitabu vyenyewe vinavutana juu ya jambo hili. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 18, Krishna, ambaye ni Mungu kwao, anamwambia shujaa Arjuna asiyafunue mafundisho haya kwa mtu asiye na ibada wala asiyetaka kusikiliza (18:67). Mstari unaofuata tu unamsifu anayeyafundisha kwa wacha Mungu. Kwenye Injili ya Mathayo, Yesu anayekataza lulu zisitupwe mbele ya nguruwe (7:6) ndiye huyo huyo anayewatuma wanafunzi kwa mataifa yote (28:19). Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi, katika Sanhedrin 59a, imeweka kauli mbili uso kwa uso. Rabi Yohanan anasema asiye Myahudi akijishughulisha na Torati ana hatia ya kifo. Rabi Meir anasema mtu wa namna hiyo ni kama Kuhani Mkuu. Zikapatanishwa kwa kusema kwamba Rabi Meir alikusudia zile amri saba zinazowahusu watu wote, wana wa Nuhu. Upande wa Waislamu, Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea hadithi ya Ibn Umar inayokataza kusafiri na Qur'ani kwenda nchi ya adui, na Bukhari huyo huyo anasimulia barua ya Mtume kwa Heraclius, mfalme wa Rumi, ambayo ndani yake mna aya ya 64 ya sura ya Aal Imran: enyi Watu wa Kitabu, njooni kwenye neno lililo sawa baina yetu na nyinyi.

Ukizitazama kwa makini, mikazo hii miwili haipingani kama inavyoonekana. Katazo linailinda heshima ya kitu kitukufu kisiangukie mikononi mwa anayekidharau, na ruhusa inamwendea anayetega sikio. Ndiyo maana wanazuoni wengi wanatofautisha kati ya msahafu wa Kiarabu, ambao wengi wao wanaona haushikwi bila kujitwaharisha, na tafsiri, ambayo masharti yake ni mepesi zaidi. Swali la kwanza basi ni kama huyu mwenzako anataka kusikia. Tena ni yeye wa kulijibu, si wewe kumjibia.

Wanaoshauri kunyamaza wana hoja ambayo watoaji wengi hawaifikirii, nayo ni mzigo wa mpokeaji. Mtazame huyo mpokeaji. Amefungua bahasha, ndani mna kitabu kilichozungushiwa kitambaa safi. Hajui kama anaweza kukiweka mezani pamoja na magazeti na vikombe. Hajui kama anaruhusiwa kupiga mstari kwa kalamu chini ya sentensi iliyomgusa, wala afanye nini kikilowa au kikichanika. Anakitia kwenye droo. Siku mke wake anapokikuta humo, anamuuliza kama amebadili dini, na hana jibu fupi. Na kama aliyempa ni bosi wake, au daktari anayemtibu, au mwalimu anayemsahihishia mitihani, hata kusema “asante, sitaki” kunakuwa na gharama. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Dini na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa waraka wa pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo penye dini nyingi, na humo wakakataa kuwavuta watu kwa vishawishi na kutumia vibaya unyonge wao. Naona walilenga penyewe.

Lakini ukimya nao una hasara. Mohandas Gandhi, akiwa mwanafunzi wa sheria London, alikutana na ndugu wawili, wafuasi wa Theosofia, harakati iliyotafuta hekima katika dini mbalimbali, waliokuwa wakiisoma Gita katika tafsiri ya Edwin Arnold. Walimwalika asome nao. Yeye Mhindu aliona haya, kwa kuwa alikuwa hajawahi kukisoma kitabu cha dini yake mwenyewe. Katika kipindi hicho hicho Mkristo mmoja alimpatia Biblia. Alimaliza kitabu cha Mwanzo, na sura zilizofuata zikawa zinamletea usingizi. Lakini Hotuba ya Mlimani, mafundisho ya Yesu katika Mathayo, ilimwingia moyoni moja kwa moja. Akaendelea kuwa Mhindu maisha yake yote. Anayehesabu walioongoka atasema Biblia ile ilipotea bure. Mimi nasema haikupotea hata kidogo. Na kuna somo la wazi kwa anayetaka kutoa: usimwachie mgeni kurasa elfu moja ajitafutie njia. Towashi wa Kushi, katika Matendo 8, alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi na bado akamuuliza Filipo atawezaje kuelewa mtu asipomwongoza.

Mwongozaji naye ana nia yake. Qur'ani iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kasisi Godfrey Dale mwaka 1923 ilikuja na maelezo ya mmisionari, na Waislamu hawakuridhika kusomewa kitabu chao kwa jicho hilo. Baadaye tafsiri ya Mwislamu mwenyewe, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969. Maneno ya kitabu yanapaswa kuelezwa kwanza na wanaoyaishi.

Wasikh wana njia inayonivutia. Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, kwao ni Guru (mwalimu wa kiroho) aliye hai, kwa hiyo nakala kamili haikabidhiwi mtu kama kitabu cha kawaida. Mgeni wa dini yoyote anakaribishwa gurdwara, nyumba yao ya ibada, anafunika kichwa, anavua viatu, anakaa chini na kusikiliza. Na anachosikiliza kina tungo za Kabir, mshairi wa India, na za Sheikh Farid, Mwislamu. Yaani kitabu kinabaki mahali pake, naye mgeni anakuja kwa miguu yake.

Yupo atakayesema wokovu wa jirani yake umo humo, na kunyamaza ni kumnyima uzima. Siidharau hoja hiyo, maana anayeamini hivyo hawezi kunyamaza. Basi aseme nia yake waziwazi tangu mwanzo, asiifiche ndani ya zawadi. Naye awe tayari kupokea kitabu cha mwenzake na kukisoma kwa uangalifu ule ule anaoutaka kwa chake. Wengi hukwama hapa. Wanahofia kwamba kusoma cha dini nyingine kutawatikisa imani. Hofu hiyo naiheshimu, ila mwenye nayo hana haki ya kumtaka jirani yake aingie kwenye hatari anayoikimbia yeye.