Kielezi Kionyeshe, Kisifiche

Chukua taarifa yoyote ya utekelezaji wa mradi, katika zile zinazozunguka kwenye maofisi ya hapa Dodoma, uisome huku unapigia mstari vielezi vyake. Utakutana na ipasavyo, kikamilifu, kwa weledi, kwa kiasi kikubwa, mara kwa mara. Kazi imefanyika ipasavyo. Changamoto zimetatuliwa kwa kiasi kikubwa. Wananchi wanapata maji mara kwa mara. Ukifika mwisho, jiulize umeona nini. Mimi huwa sioni kitu, na mkazi wa Nkuhungu au Chang'ombe anayesubiri hayo maji naye haoni kitu.

Kielezi kipo ili kitueleze tendo lilifanyika vipi, lini, wapi na mara ngapi. Hiyo "mara kwa mara" inaweza kuwa kila siku, inaweza kuwa mara mbili kwa mwezi. Lakini mwandishi akisema maji hutoka Jumanne na Ijumaa, tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi, mama mwenye ndoo zake anajua siku yake ataipanga vipi. Na hayo yote, Jumanne, Ijumaa, alfajiri, saa nne, yanafanya kazi ya kielezi. Wengi wakisikia habari ya kuipa sentensi uhai hufikiria maneno matamu. Nashikilia kwamba katika maandishi ya kazi, kielezi kinachoshinda vyote mara nyingi ni tarehe au kipimo. Ukimwambia kijana wa kidato cha pili kwamba Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu "zamani sana" na Serikali ikaanza kuhamia "hivi karibuni", hujamwambia lolote. Mwambie uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, tangazo la kuhamia likatolewa Julai 2016, na mji ukawa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Hapo anajipigia hesabu mwenyewe, na anaona watu walivyosubiri zaidi ya miaka arobaini. Treni ya umeme nayo kila mtu anasema inakwenda kasi sana. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Hilo ndilo litakalomfanya msomaji ashike kiti.

Neno sana lenyewe silichukii. Ninachokataa ni kulitwisha kila mzigo. Jua la Oktoba kali sana, upepo wa Julai mkali sana, mvua ya Januari kubwa sana: mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, yote yamevaa kanzu moja. Jua la Oktoba hapa kwetu linachoma mchana kutwa, hadi bati linalia. Upepo wa Julai unavuma mfululizo, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria lililofunikwa. Mvua ya Januari inashuka ghafla alasiri, na watu wanalowa chapachapa kabla hawajaifikia baraza iliyo hatua chache mbele yao. Umeme ukikatika usiku huo huo, giza ni totoro. Lugha imetuwekea yote haya tayari, hatuna haja ya kubuni.

Wakati mwingine dawa ni kukifuta kabisa kielezi. Alinong'ona kwa sauti ya chini: kwani kuna kunong'ona kwa sauti ya juu? Alikimbia kwa haraka. Walishirikiana kwa pamoja. Kitenzi kilikwisha kusema, tunakisemea tena.

Lakini vinavyoniuma zaidi ni viigizi, yaani tanakali za sauti, kwa sababu tunaviua kwa mikono yetu. Tazama tendo moja tu, kuanguka. Mtu akianguka kwenye mchanga mkavu wa korongo mwezi wa Septemba, ameanguka tifu. Korongo hilo hilo mvua zikishalipita na kuacha matope, ameanguka tapwi. Akiteleza kwenye ukingo wa bwawa la Hombolo akaishia majini, chubwi. Gunia la karanga likidondoka kutoka juu ya lori, pu. Msimulizi hajataja mchanga, matope wala maji, na wewe umeshajua mahali, umeshajua majira, umeshajua na nguo za aliyeanguka zikoje. Ni kielezi gani cha "kwa kiasi kikubwa" kinachoweza kazi hiyo? Wazee wetu wa Kigogo wakikaa jioni kusimulia, hata wanaposimulia kwa Kiswahili, viigizi ndivyo vinavyoibeba hadithi. Ng'ombe hapiti tu, unamsikia anapita.

Halafu mtoto aliyekulia kwenye masimulizi hayo anakwenda shule, anaandika kwenye insha kwamba bibi alilala fofofo na nyumba ikawa kimya jii, na kalamu nyekundu inapita: lugha ya kuongea, andika "alilala usingizi mzito sana". Nimeziona insha hizo kwa macho yangu, zimenisikitisha. Mtoto huyo huyo mtihani unamtaka abainishe vielezi na ataje aina zake: namna, mahali, wakati, idadi. Anataja zote, anapata alama zote. Tumemfundisha kuvihesabu, kuvitumia tumemkataza. Ningependa sisi walimu wa Kiswahili tuwapeleke watoto Soko la Majengo saa sita mchana, waandike walichokiona bila kutumia sana hata mara moja. Wamtazame muuza zabibu anavyopanga vichala vyake taratibu, vilivyonyauka chini, vibichi juu, anavyovinyunyizia maji kila baada ya muda huku anaita wateja bila kuchoka. Hapo vielezi vya namna, mahali, wakati na idadi vyote vimeshapatikana, na hakuna aliyevikariri.

Mwisho ni mahali pa kukiweka kielezi, jambo ambalo hata waandishi wazoefu hawalijali. Soma hii: "Waziri alisema Jumatatu barabara itafunguliwa." Je, alisema Jumatatu, au barabara itafunguliwa Jumatatu? Kwa kuongea sauti ingetusaidia, kwenye karatasi hakuna sauti. "Jumatatu waziri alisema barabara itafunguliwa" ni habari moja. "Waziri alisema barabara itafunguliwa Jumatatu" ni habari nyingine, na mwenye duka kando ya barabara hiyo anataka kujua aagize mzigo lini.