Kupanda mikoko ni asubuhi moja, kuitunza ni miaka, na hiyo miaka hakuna anayeilipia

Nitasema wazi tu. Mashirika mengi ya mazingira yanayokuja huku kwetu pwani yanahesabu miche iliyopandwa, na mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama. Ikifika 5 Juni siku ya mazingira, au zile holide za kupanda miti (serikali ya Kenya ilitangaza moja tarehe 13 Novemba 2023, kwenye ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032), utaona mabasi yanashusha watu, tisheti mpya, miche inatolewa kitaluni, watu wanaingia topeni wanapanda, picha zinapigwa na mchana kila mtu kashapanda basi karudi. Ripoti inaandikwa kwamba miche elfu kadhaa imepandwa. Sasa uliza mwaka wa pili iliyobaki hai ni mingapi, mara nyingi hakuna wa kukujibu, kwa sababu hakuna mtu aliyewekwa kwenye bajeti wa kurudi kuangalia.

Sisemi watu wasije, waje jamani, tena walete na watoto wa shule, mtoto akishazama topeni mpaka magotini akaona vile kaa wanavyokimbilia mashimoni hiyo siku haisahau. Ninachosema ni kwamba kupanda ndio sehemu rahisi kuliko zote.

Na kwa mikoko ni rahisi kupita kiasi. Mikoko ni aina nyingi za miti, na mmoja wao ndio unaoitwa mkoko wenyewe. Mbegu ya huo mkoko, wenye mizizi ya kujikita pembeni kama miguu ya buibui, inaota ikiwa bado iko juu ya mti. Wewe unaokota tu, unaichomeka kwenye tope, inasimama wima hapo hapo na inapendeza kwa picha. Kwa hiyo watu wanachagua mkoko hata pasipokuwa pake, wanaona tope tupu kule mbele baharini wanasema hapa pako wazi tujaze. Lakini mzee yeyote aliyekata boriti atakwambia kila aina ya hiyo miti ina pahali pake. Kule mbele kabisa panapopigwa na mawimbi ni pa mlilana, nyuma yake ndio mkoko, ukizidi kupanda juu unakuta mkandaa, na mchu yeye anaweza kukaa mbele na pia kule nyuma kabisa karibu na nchi kavu kwenye chumvi kali. Tope likiwa tupu miaka yote lina sababu ya kuwa tupu, mara nyingi ni maji yanakaa hapo muda mrefu kuliko mche unavyoweza kustahimili.

Sri Lanka waliliona hili kwa uchungu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 pesa za misaada zilimiminika, mashirika yakapanda mikoko kila pahali ili iwe ngao ya pwani, halafu watafiti walipokuja kukagua baadaye maeneo 23, 9 kati yake hayakuwa na hata mti mmoja uliobaki. Watu walikuwa na nia njema kabisa na pesa ilikuwepo. Walipanda pasipofaa, na kwingine wakapanda wakaondoka.

Halafu hata ukipanda pazuri kazi ndio kwanza inaanza. Kaa wanatafuna mbegu. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, ikija inaleta mwani na mifuko ya plastiki na kamba za nyavu, vinaviringika kwenye mche mchanga vinaulaza chini, na usipoinuliwa mapema unaoza hapo hapo. Mbuzi nao wanapenda sana majani ya mchu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutembea kila maji yakipwa, avue ile takataka, ahesabu iliyokufa, apandikize mingine, amwambie mwenye mbuzi afunge mbuzi wake, na usiku asikilize kama kuna shoka linalia. Huyu mtu ana watoto, anahitaji kula. Wafadhili wengi ukiwaandikia maombi ya mshahara wa mlinzi wanakwambia sisi hatugharamii mishahara, tunagharamia shughuli. Jamani shughuli ni ipi kama sio hiyo?

Ndio maana mimi kila nikiulizwa ni mradi gani naupenda nasema Gazi, kule Kwale. Ghuba ya Gazi ina mikoko zaidi ya hekta 600, na miaka ya 70 sehemu yake ilifyekwa vibaya kwa ajili ya kuni za viwandani pakabaki uwanja mtupu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kurudishia miti tangu miaka ya 90, wakishirikiana na wanakijiji wenyewe, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wao wanatunza hekta 117, ule utunzaji unapimwa, inakadiriwa msitu unazuia kama tani 3,000 za hewa ukaa kila mwaka, tani hizo zinauzwa kama kaboni, yaani mtu wa mbali analipa ili afidie hewa anayochafua yeye, chini ya viwango vya Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya aina hii, na shirika dogo la hisani lililosajiliwa Scotland linaloitwa ACES ndilo linalowatafutia wanunuzi. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Tuzo ni sawa, lakini mimi sivutiwi na tuzo. Kinachonivutia ni kwamba pesa inakuja kwa sababu msitu umesimama, sio kwa sababu kuna siku watu walipanda. Ukikatwa pesa inakatika. Na ikishafika, kamati iliyochaguliwa na wanakijiji inakaa na watu wake kwenye mkutano wanaamua wafanyie nini, wakaweka maji safi, wakanunua vitabu vya shule. Mama anayechota maji kwenye ule mfereji anajua yametoka wapi, sasa mwambie kuna mtu ameingia na shoka usiku uone kama atanyamaza. Hakuna semina ya uhamasishaji inayofika hapo. Na pembeni wakapanda mivinje, ili mtu anayetaka mti wa kujengea au kuni apate pa kwenda bila kugusa mkoko. Kina mama wa Gazi nao wana lile daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, mgeni analipa anatembezwa.

Najua kuna wanaosema biashara ya kaboni ni ujanja wa matajiri, mtu wa Ulaya ananunua tani zake halafu anaendelea kuchafua hewa kama kawaida. Hilo swali ni la haki na mimi mwenyewe sitaki kampuni yoyote itumie mikoko yetu kujisafisha jina. Ila Gazi ni mradi mdogo, vitabu vyake vya hesabu vinakaguliwa, na kati ya hiyo na kumwacha mlinzi bila chochote nachagua hiyo, mpaka mtu aniletee njia nyingine inayolipa utunzaji.

Kuna jambo jingine mashirika yanalisahau, nalo ni kwamba mkoko huku kwetu ni riziki tangu enzi za majahazi ya kwenda Uarabuni. Miti ina majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na nyumba za Lamu zimeezekwa kwa hiyo. Kenya ina karibu hekta 61,000 za mikoko na zaidi ya nusu iko Lamu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018 wakata mikoko wa Lamu nao waliingizwa humo humo, familia zikalala njaa, mpaka baadaye wakalia wakafunguliwa. Ukienda kijiji kama hicho na bango lako la kuokoa mikoko na hujawahi kukaa na mkata boriti ukamuuliza yeye anakata wapi, anaacha mti wa ukubwa gani, baba yake alikuwa anapumzisha msitu vipi, basi umemfanya adui mtu ambaye angekuwa mlinzi wako bora kuliko wote.

Na haya sio mageni. Green Belt Movement ya Wangari Maathai ilipoanza 1977, kina mama walikuwa wanapewa kijipesa kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa. Mama anakuwa na sababu ya kubeba maji, kuziba pengo la ua, kurudi tena kesho. Kitu kimefanyika hapa hapa nchini miaka karibu 50 iliyopita, mpaka mwenyewe akachukua Nobel 2004, na bado leo mtu anaandika proposal yenye mstari mmoja tu wa idadi ya miche.

Kwa hiyo wewe uliye Nairobi, au Dubai, au Minneapolis, unataka kuchangia mikoko ya nyumbani, Mungu akubariki, toa. Lakini kabla ya kutuma omba mambo haya, wakupeleke au wakutumie video ya mahali walipopanda miaka mitatu nyuma, sio juzi. Uliza mlinzi analipwa na nani na mkataba wake unaisha lini. Uliza mkutano wa kijiji wa kusoma hesabu ulifanyika lini na nani alikuwepo. Na kama pesa yako ni kidogo ya kutosha kitu kimoja tu, waambie hii ni ya mshahara wa mlinzi, miche wasinunue.