Mabinti waende nyambizini, na nahodha awajibike

Binti yangu ametimiza miaka 17, na kama kijana yeyote raia wa hapa Norway, awe wa kike awe wa kiume, ameletewa dodoso la jeshi la kujaza. Afya yako vipi, una maradhi gani, una hamu ya kutumikia au huna. Sheria ya utumishi wa lazima inawagusa wasichana waliozaliwa kuanzia 1997 sawasawa na wavulana, na kundi la kwanza la wasichana hao liliingia kambini 2016. Yeye amejibu kwamba anataka, tena jeshi la majini, tena ikiwezekana nyambizi. Sikushangaa. Tunaishi Bergen, na nyambizi zote za nchi hii zina gati lake Haakonsvern, kituo cha jeshi la majini nje kidogo ya mji. Watoto wa hapa wanakua wakisikia habari zake kama sisi tulivyokua tukisikia habari za ngalawa.

Walioshtuka ni ndugu zangu wa Jambiani, kwetu Zanzibar. Mjomba wake alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, mtoto wa kike alale na wanaume wasio maharimu zake, chini ya maji, wiki nenda wiki rudi, mlango umefungwa, na wewe mama yake umeridhia?" Namheshimu kaka yangu, na swali lake ni la haki. Najua pia hayuko peke yake, ndiyo maana namjibu hapa kwa kirefu. Nimeridhia, kwa sharti moja ambalo nitalieleza.

Kwanza tuliondoe lile la kuweza na kutoweza, maana huku lilikwisha zamani. Norway iliwafungulia wanawake nyambizi zake mwaka 1985, kabla ya nchi nyingine yoyote. Miaka kumi baadaye, 1995, Solveig Krey akakabidhiwa nyambizi KNM Kobben, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa nahodha wa nyambizi ya kijeshi. Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanawakatalia wanawake wao kwa hoja ya afya. Hewa ya ukaa inayojikusanya ndani ya nyambizi, walisema, itamdhuru mtoto aliye tumboni. Marufuku hiyo ilidumu hadi Desemba 2011, baada ya wataalamu wa tiba wa jeshi lao wenyewe kuchunguza na kuona hofu haina msingi, ila tu mwenye mimba asipelekwe baharini. Nilisikitika nilipoyasoma hayo. Miaka zaidi ya 25 wanawake wa Norway walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, na mfano wao haukutosha kumshawishi mtu. Wamarekani nao walibadili msimamo 2010, na maafisa wao wa kwanza wa kike wakaanza kuripoti nyambizini mwishoni mwa 2011.

Nyambizi yenyewe nimeiingia, si ya kazi bali ile ya makumbusho ya jeshi la majini kule Horten. Ni KNM Utstein ya zamani, ndugu yake Kobben aliyoiongoza nahodha Krey, zote zimeundwa Ujerumani miaka ya 1960. Ukishateremka unapokelewa na harufu ya mafuta na chuma, ingawa injini imezimwa miaka mingi. Njia ni nyembamba kiasi kwamba tulipokutana na baba mmoja na mwanawe, mimi na binti yangu tulibana ukutani na wao wakapita ubavu. Koki na mabomba kila unapoegemeza mkono. Vitanda vimepachikwa kimoja juu ya kingine, na mbele kabisa kuna milango minane ya mirija ya kurushia torpedo, yale makombora ya chini ya maji, ya mviringo, imekaa kwa safu. Nilikipima kitanda kimoja kwa shubiri. Kilikuwa na upana wa mabega yangu na kidogo tu. Binti yangu akawa anasoma vibandiko vya koki kimoja kimoja, ananieleza ipi inaingiza maji na ipi inaingiza hewa, na mimi nikimtazama nikaona kwamba mle ndani kinachoulizwa ni kama mtu anaijua koki yake gizani. Asiyeijua anawaua wote.

Nyambizi za Norway za leo, zile za daraja la Ula, hubeba watu 21. Watu 21 kwenye chuma cha mita 59, wamegawana zamu, wengine kazini na wengine wamelala, choo cha kupokezana, kuoga kwa kipimo. Faragha ni pazia la kitanda na adabu ya wenzako. Wamarekani, ambao nyambizi zao ni kubwa, wamejaribu njia nyingine. Mahali penye bafu moja waliweka kibao mlangoni cha kugeuza, saa hii wanaume, saa hii wanawake. Septemba 2024 wakazindua USS New Jersey, nyambizi yao ya kwanza ya mashambulizi iliyochorwa tangu mwanzo kwa mabaharia wa jinsia zote. Koki zimeshushwa ili mfupi azifikie, na vitanda vya juu vimewekewa vidato vya kupandia. Mabaharia wa kiume walio wafupi nao wamefaidika.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapopata uchungu. Kaka yangu anasema bahari ni ya wanaume. Kaka, tumelelewa na bahari ya nani? Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo waliosimama ndani ya maji ni mama zetu. Mama alikuwa akiondoka maji yakianza kupwa, kamba kichwani, taitai (vile vikamba vya kufungia mwani) mdomoni, anapiga vijiti chini na kufunga mwani mpaka maji yamfike kifuani, khanga imemganda, ngozi inamwasha usiku kucha. Hakujua kuogelea hadi leo. Wengine kijijini walipotelewa na fahamu juani, wengine walichomwa na samaki wa sumu miguuni, na hakuna aliyeitisha kikao kuuliza kama kazi hiyo inamfaa mwanamke. Kwetu mwanamke hakatazwi hatari. Anakatazwa chombo, kwa sababu chombo kina usukani, na mwenye usukani ndiye anayegawa samaki na ndiye anayesikilizwa mnadani.

Msinielewe vibaya kwamba huku ni peponi na kwetu ni gizani. Kwetu tuna jambo ambalo Marekani haijalipata bado. Tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa Tanzania ni mwanamke, tena mwenzetu wa Kizimkazi, mwendo mfupi kutoka kwetu. Septemba mwaka huohuo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Ulinzi. Kenya nako, 2024, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kuongoza Jeshi la Anga. Najivunia wote hao na huwataja mbele ya wafanyakazi wenzangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Lakini tumezoea kufungua kiti cha juu huku sitaha imefungwa. Norway ilianza na sitaha. Ilimwingiza msichana wa kushika koki, wa kusikiliza sonari, chombo cha kunasa sauti chini ya maji, wa kupika kwenye jiko la kubana, kisha miaka kumi ikapita, nahodha akapatikana. Haikulazimika kumteua mtu kutoka nje ili ipige picha naye.

Kuna wanaosema nyambizi ni habari ya Wazungu. Si kweli. Afrika Kusini ina nyambizi tatu, na zote zimepewa majina ya wanawake: Manthatisi, Charlotte Maxeke na Queen Modjadji. Ndani ya SAS Manthatisi alitumikia Gillian Hector, mmoja wa wanawake wa mwanzo barani kufanya kazi ya kuelekeza njia ya nyambizi. Tarehe 20 Septemba 2023, karibu na Kommetjie, wimbi liliwazoa mabaharia waliokuwa juu ya sitaha wakifanya zoezi na helikopta. Hector alifariki, na wanaume wawili walifariki pamoja naye. Argentina nayo ilimpoteza Eliana Krawczyk, afisa wake wa kwanza wa kike wa nyambizi, nyambizi ARA San Juan ilipozama Novemba 2017 na watu 44. Nayaandika haya nikijua binti yangu atayasoma. Kazi hii inaua, na mama yeyote atalala vibaya. Mama wa wale wanaume 43 wengine walilala vibaya pia, na hakuna aliyesema wanaume wasiende.

Kwa upande wa dini, sitaki kujifanya mwanachuoni. Nasema tu kwamba wauguzi wetu wa hospitali ya Mnazi Mmoja hukesha zamu za usiku na madaktari wanaume, na tunawaombea dua. Kaka yangu atanijibu kwamba muuguzi asubuhi hutoka akarudi kwake, ilhali nyambizi haina asubuhi wala mlango wa kutokea. Hapo ananishika, na ndipo lilipo sharti langu.

Kwa sababu kinachonitisha ni hicho hasa. Mwaka 2014 ilibainika kwamba kwenye nyambizi ya Marekani USS Wyoming, yenye makao yake Kings Bay, Georgia, mabaharia wa kiume walikuwa wakiwarekodi kwa siri maafisa wa kike wakibadili nguo bafuni na kurushiana video. Wanawake hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia nyambizini. Wahusika walishtakiwa kwenye mahakama za kijeshi. Uingereza, Oktoba 2024, mkuu wa jeshi la majini aliomba radhi hadharani baada ya uchunguzi kuthibitisha udhalilishaji na uonevu dhidi ya wanawake kwenye nyambizi. Hata hapa Norway, pamoja na miaka yote hiyo ya uzoefu, uchunguzi wa jeshi lenyewe umeonyesha kwamba wanajeshi wa kike vijana bado wananyanyaswa kingono. Kumwingiza mwanamke kwenye chombo kisicho na pa kukimbilia, kisha ukamwachia alinde heshima yake mwenyewe, ni kumtega.

Tofauti ninayoiona naiona kwenye kesi ya nyambizi nyingine ya Marekani, USS Florida. Huko iligundulika orodha ambayo mabaharia wa kiume waliandika kuwapanga wanawake wa chomboni kwa maneno machafu. Nahodha alipata habari na hakuchukua hatua za maana. Mwaka 2018 aliondolewa kwenye uongozi, yeye nahodha, pamoja na hatua dhidi ya walioandika. Hilo ndilo ninalolitaka kila mahali, Bergen na Kigamboni, kwenye kambi ya jeshi la majini la Tanzania. Kwetu msichana akisumbuliwa kazini, swali la kwanza ni alivaa nini na alifuata nini kule. Mkubwa wa kazi haulizwi kitu, na mwezi unaofuata amepandishwa cheo. Nimeshuhudia ndugu wa karibu akihamishwa yeye aliyelalamika, huku aliyemsumbua amebaki na ofisi na gari.

Kwa hiyo, kaka, hivi ndivyo tulivyokubaliana na mwanao. Atamaliza shule. Ataendelea na mazoezi ya kuogelea na kuzamia, na akija Jambiani likizo atawafundisha binamu zake wa kike kuogelea, maana ni aibu yetu watu wa pwani kwamba mama zao wamekaa na bahari maisha yote wakiiogopa ikifika shingoni. Na siku akiitwa kwenye usaili wa jeshi, nitamwandikia maswali ya kwenda nayo. Akidhalilishwa wakiwa chini na mawasiliano yamezimwa, anamwambia nani ndani ya chombo? Ikiwa mkosaji ndiye mkubwa wake, taarifa inapitia wapi? Manahodha wangapi wameondolewa kwa kufumbia macho, na je, wanaweza kumtaja hata mmoja? Wakimjibu vizuri, aende na radhi zangu. Wakibabaika, zipo meli za juu ya maji, na mimi nitamwambia asubiri.